Chupa mbili za Widal, seramu moja, majibu mawili

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mteknolojia wa maabara kwenye kituo cha afya wilayani Kilosa. Wiki iliyopita nilimpima mama mmoja mwenye homa ya siku tano kwa Widal ya slaidi, kile kipimo cha homa ya matumbo (taifodi). Chupa ya bluu, ile ya TO, ilikuwa inaishia, ikanipa taita ya 1:160, yaani seramu ilizimuliwa hadi hapo na bado ikashikamana. Kesho yake tukafungua boksi jipya la mtengenezaji mwingine. Nikairudia seramu ileile, ikatoka 1:40. Mganga ananiuliza aandike nini kwenye faili, nami sina la kumjibu. Hizi antijeni, yaani vimiminika vya kupimia vilivyomo chupani, zinatengenezwaje hata zitofautiane hivi? Na je, mtu akipata vimelea na vifaa anaweza kujitengenezea mwenyewe? Vitendanishi vinatukatikia kila mara.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri sana kuirudia ile seramu. Wengi wangefungua boksi jipya na kuendelea na foleni, na tofauti hiyo isingeonwa na mtu. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi kuotesha bakteria, kuwaua na kuwatia kwenye chupa kama hizo ulizozishika, kwa hiyo niwie radhi nikikujibu kwa urefu.

Tuanze na kilichomo ndani ya chupa. Ile bluu ya TO ni maiti za bakteria wa homa ya matumbo, Salmonella Typhi, mwili mzima, mamilioni kwa mamilioni katika kila kitone, wakielea kwenye maji ya chumvi. Rangi ni ya kulisaidia jicho tu, haina kazi nyingine. Seramu ya mgonjwa ikiwa na kingamwili, kila kingamwili inamshika bakteria huyu kwa mkono mmoja na mwenzake kwa mkono mwingine, hadi wanafungamana na kuwa chembe unazoziona ukiitikisa slaidi. Mwaka 1896 kule Vienna, Max von Gruber na Herbert Durham walieleza namna seramu inavyowafanya bakteria washikamane. Mwaka huohuo, Paris, Georges-Fernand Widal akaligeuza jambo: akachukua bakteria anaowajua, akawatumia kuutafuta ugonjwa kwenye damu ya mtu. Yeye alitumia bakteria hai. Sisi tunatumia waliouawa, na namna wanavyouawa ndiyo inayoamua kipimo kitaona nini.

Bakteria huyu ana sehemu mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ni sukari zilizojipanga kwenye ukuta wake wa nje. Hiyo ni O. Ya pili ni mikia anayoogelea nayo. Hiyo ni H. Herufi zenyewe zimetoka kwenye Kijerumani. Edmund Weil na Arthur Felix, wakati wa vita kuu ya kwanza, walikuwa wakichunguza bakteria aitwaye Proteus, ambaye akiwa na mikia hutambaa juu ya agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, na kuacha utando kama pumzi ya mtu kwenye kioo cha dirisha. Pumzi ya namna hiyo kwa Kijerumani ni Hauch, ndiyo H. Wasio na mikia hawatambai, wako “bila pumzi”, na neno la kuanzia hapo ni ohne, ndiyo O. Sukari za ukutani haziogopi joto wala alkoholi. Mikia ni protini, na vitu hivyo viwili vinaiharibu. Ukilishika hilo, mengine yote katika utengenezaji yanafuata.

Kazi inaanzia kwenye kuchagua bakteria mwenyewe, na hapa ndipo mtu anayetaka kujitengenezea anapokwama kabla hajawasha hata moto. Huwezi kuchukua tu bakteria aliyetoka kwenye damu ya mgonjwa wa jana. Bakteria wa homa ya matumbo anapotoka kwa mgonjwa mara nyingi huwa amevaa koti. Felix na mwenzake Pitt walilieleza koti hilo mwaka 1934 na kuliita Vi. Koti hilo linaifunika sukari ya ukutani, kingamwili za O zinafika na kukosa pa kushika, na chupa yako itasema “hasi” kwa mgonjwa ambaye ni mgonjwa kweli. Ndiyo maana maabara nyingi duniani zimetegemea ukoo mmoja wa zamani unaojulikana kwa namba 901, ambao una matawi mawili: O901 asiye na mikia, na H901 muogeleaji hodari. Wametunzwa na kurithishwa kutoka maabara hadi maabara kwa miongo mingi.

Hata ukiwa na ukoo sahihi, unaweza kukuharibikia mikononi. Bakteria wakioteshwa tena na tena kwenye agari, baadhi yao hupoteza ile sukari ya nje. Ukiwaangalia kwenye sahani, makundi yao hayang'ai tena. Yamepauka, kingo zake zimechongoka. Sisi tunasema wameparara. Walioparara wanashikamana wenyewe kwa wenyewe hata ukiwaweka kwenye maji ya chumvi matupu, bila seramu ya mtu yeyote. Kwa hiyo kabla ya kuotesha kwa wingi tunalichunguza kila kundi: kitone cha maji ya chumvi upande huu wa slaidi, kitone cha rangi ya akriflavini, sehemu moja kwa mia tano, upande ule. Kundi likibaki kama maziwa pande zote mbili, linapita. Likikatika, linatupwa, hata kama ni saa kumi jioni na umechoka.

Kwa O, bakteria wanaoteshwa kwenye agari iliyotiwa fenoli kidogo, sehemu moja kwa mia nane. Kiasi hicho hakiwaui, ila kinawazuia kuota mikia. Asubuhi ukifunua sahani unapokelewa na harufu ileile ya dawa ya kudekia wodi, na uoto umelala juu ya agari kama utando wa uji uliopoa. Unamwagia maji ya chumvi kidogo, unakwangua taratibu kwa fimbo ya kioo iliyopindwa. Usichimbe. Kipande cha agari kikipita, hata kiwe kidogo kama ncha ya sindano, siku moja kitatokea kwenye slaidi ya mtu na kusomwa kuwa ni chanya. Uji huo unachanganywa na alkoholi kali, mara ishirini ya ujazo wake, unakaa nusu saa kwenye joto la nyuzi 40 hadi 50. Alkoholi inawaua na kuharibu mabaki ya mikia, sukari inabaki mahali pake. Mashine inazungusha, mashapo yanakaa chini, yanaoshwa, yanarudishwa kwenye maji ya chumvi, na klorofomu kidogo inaongezwa ili yasioze.

Kwa H mambo yanageuka. Unataka mikia mingi, mirefu na mizima, na bakteria wa maabara waliokaa miezi kwenye agari ngumu hawana haja ya kuogelea, kwa hiyo wengi wanaiacha mikia yao. Lazima uwarudishe majini. Tunatumia agari laini, inayotikisika kama maziwa mgando, ndani ya chupa yenye kijibomba kilichosimamishwa katikati. Bakteria wanawekwa ndani ya kijibomba. Wanaotaka kutoka inabidi waogelee hadi chini, wapite ncha ya kijibomba, wapande upande wa nje. Kesho yake unawachukua waliotokea nje tu. Unarudia mara kadhaa, na kila safari unawaona wanawahi zaidi. Hao ndio unaowaotesha kwenye mchuzi wa kuoteshea bakteria usiku mmoja, kisha unatia fomalini, asilimia 0.1. Fomalini inawaua na kuikaza mikia ibaki ilivyo. Tena mikia hiyo iliyokazwa inauzunguka mwili na kuzuia kingamwili za O zisiufikie ukuta, ndiyo maana chupa nyekundu, ile ya TH, inajibu swali la H peke yake. Kama aliyeitengeneza alifanya kazi yake.

Tofauti hiyo unaweza kuiona kwa macho, hasa kwenye mirija. Ukipata nafasi ya kufanya Widal ya mirija, iangalie mbele ya kitu cheusi. O ikishikamana inatulia chini kama chembe za chumvi laini, ngumu, hazitawanyiki ukiugusa mrija kwa kidole. H inakuwa kama vipande vya sufi, vinapepea na kuvunjika kwa mtikiso mdogo. Mtu aliyeziona zote mbili mara moja hasahau, na akikutana na TO inayotoa sufi anajua kwamba antijeni ile ina mikia iliyosalia na haifai.

Sasa nifike kwenye tofauti yako ya 1:160 na 1:40.

Bakteria wakishauawa na kuoshwa, mtengenezaji anaamua wawe wazito kiasi gani kwenye chupa. Anawalinganisha na mirija ya McFarland, ule ukungu mweupe wa bariamu wenye namba. Wakiwa wengi mno, kingamwili za mgonjwa zinagawanywa kwa bakteria wengi, kila mmoja anapata chache, hawashikamani, na taita inashuka. Wakiwa wachache, kingamwili chache zinatosha kuwafunga, na taita inapanda. Seramu haijabadilika hata chembe. Hebu fikiria bakuli moja la mchuzi: ukiwapakulia watu wanne au watu kumi na sita, mchuzi ni uleule, ila shibe si ileile.

Kwenye slaidi kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha mafunzoni. Unapoweka maikrolita 80 za seramu na kitone cha antijeni unaandika 1:20. Ukiweka 40 unaandika 1:40, 20 ni 1:80, 10 ni 1:160, na 5 ni 1:320. Lakini piga hesabu: seramu maikrolita 80 na kitone cha karibu maikrolita 50 si kuzimua mara ishirini. Haikaribii hata kidogo. Namba ile ni ahadi ya mtengenezaji. Anakwambia: nimeutengeneza uzito wa antijeni yangu ili kiasi hiki cha seramu, kwa kitone cha kifuniko changu, kwa dakika moja, kilingane na kile ambacho mrija wa 1:20 ungekuonyesha. Ukikidondosha kitone kwa kifuniko cha chupa nyingine, au ukiiinamisha chupa badala ya kuisimamisha wima, ahadi imevunjika na si kosa lake. Naye asipoipima bechi yake dhidi ya seramu zinazojulikana taita zake, ahadi haikuwepo tangu mwanzo.

Linganisha na wenzetu wa mifugo. Antijeni ya Rose Bengal, inayotumika kupima ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, yaani brusela, ina rula ya kimataifa. Ipo seramu rasmi ya kulinganishia, yenye yuniti 1000 za kimataifa kwa kila mililita. Mtengenezaji anatakiwa aonyeshe kwamba antijeni yake inashikamana waziwazi seramu hiyo ikizimuliwa 1:45, na haishikamani kabisa ikifika 1:55. Angalia mlango ulivyo mwembamba! Kiowevu chenyewe kimetiwa asidi hadi pH ya takriban 3.65, ili kingamwili zinazoshika ovyo zilegee. Chupa mbili za Rose Bengal kutoka nchi mbili tofauti zikitengenezwa kwa kanuni hiyo zinapaswa kukupa jibu moja. Kwenye Widal sijaona watengenezaji wote wakibanwa na rula moja namna hiyo, na nimezilinganisha chupa nyingi. Kwa hiyo 1:80 ya chupa hii si 1:80 ya chupa ile. Inaniuma kila ninapoona 1:80 imeandikwa kwenye cheti cha mgonjwa kana kwamba ni nyuzi joto.

Hata hivyo, hatua mbili za tofauti, kutoka 160 hadi 40, ni nyingi. Hatua moja ningeiachia, maana vipimo vyote vya kushikamana vina mchezo wa hatua moja huku na huku. Hatua mbili zinanifanya niitilie shaka ile chupa iliyokuwa inaishia. Fanya hivi kama haijatupwa: ikoroge polepole, weka kitone chake kwenye slaidi na kitone cha maji ya chumvi, tikisa dakika moja, tazama. Ukiona chembe, chupa ilikuwa imeanza kujishika yenyewe na 1:160 yako haina maana. Chupa inayoishia hupatwa na hayo. Imefunguliwa mara mia, imetoka na kurudi kwenye friji, na pengine haikukorogwa vizuri siku za mwanzo, kwa hiyo waliobaki chini ni mashapo mazito yaliyokwisha kushikana.

Nikusimulie lililonikuta mimi, ili uone namna jambo dogo linavyofika mbali. Katika maabara moja niliyofanya kazi zamani, nilipanga chupa za antijeni kwenye friji Ijumaa jioni, na moja niliigusisha na ukuta wa nyuma, pale barafu inapojengeka. Iliganda mwishoni mwa wiki. Jumatatu nilipoifikia friji, chupa ilikuwa imeyeyuka, ina rangi yake nzuri ya bluu, haionyeshi dalili yoyote. Siku hiyo karibu kila aliyepimwa alikuwa na “taifodi”. Barafu inapojijenga inawasukuma bakteria pamoja na kuwabana, na ikiyeyuka hawaachani tena. Niligundua saa nane mchana, nilipokumbuka kuweka kitone cha maji ya chumvi. Watu walikuwa wameshaondoka na dawa. Tuliwatafuta tuliowapata. Tangu siku hiyo sijapima mgonjwa wa kwanza wa asubuhi kabla ya kile kitone cha maji ya chumvi, na seramu ya mtu ninayejua ni hasi, na nyingine ninayojua ni chanya. Antijeni inakaa kati ya nyuzi 2 na 8, katikati ya rafu, mbali na barafu. Iache ipate joto la chumba kabla ya kuitumia. Soma kwa dakika moja, usiongeze, kwa sababu slaidi ikianza kukauka pembeni inatengeneza chembe zake yenyewe.

Tuseme sasa chupa zote mbili ni nzima na tumejua taita ya kweli ya yule mama. Bado hatujajua kama ana homa ya matumbo. Hili si kosa la chupa. Ni asili ya antijeni yenyewe. Sukari za ukuta wa Typhi zimepewa namba 9 na 12. Salmonella Enteritidis, ambaye Afrika tunamwona akiingia kwenye damu ya watoto wadogo na watu wenye upungufu wa kinga, ana 9 na 12 vilevile. Typhimurium ana 12. Mtu aliyepambana nao mwaka jana anaweza kushikamana na chupa yako ya bluu leo, akiwa na malaria tu. Mkia wa Typhi, aina ya d, nao unapatikana kwa ndugu zake kadhaa. Na waliowahi kuchanjwa kwa chanjo ya zamani ya bakteria wazima waliouawa walibaki na kingamwili za H kwa miaka. Chanjo za sasa za Vi hazina tatizo hilo, kwa kuwa zinafundisha mwili kulitambua koti peke yake.

Halafu kuna hesabu ambayo ningependa mganga wako aione. Chukua mfano: wagonjwa 1000 wa homa wanapita kwenu, na kumi kati yao wana homa ya matumbo kweli. Tuseme kipimo kinawakamata wanane katika hao kumi, na kinawasingizia watu watano katika kila mia wasio nayo. Wasio nayo ni 990, kwa hiyo wanaosingiziwa ni karibu 50. Mwisho wa siku una vyeti chanya 58, na wanane tu ndio wa kweli. Hapo nimekipa kipimo sifa nzuri. Kadiri ugonjwa unavyokuwa nadra miongoni mwa wanaopimwa, ndivyo cheti chanya kinavyopungua thamani, na kwetu watu wanapimwa Widal kwa kila homa, kila kichwa kuuma, mpaka kwa kuomba wenyewe dirishani.

Kuhusu kujitengenezea: hapana, mdogo wangu, na naomba usishawishike. Najua uchungu wa kuishiwa vitendanishi huku foleni ipo benchini. Lakini ili utengeneze lita moja ya antijeni unaotesha Typhi hai kwa wingi ambao hakuna mgonjwa atakayekuletea maishani mwako. Inahitaji kabati la usalama la kufanyia kazi, mashine ya kuzungushia yenye vifuniko visivyovuja, otoklevu (mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu) inayoaminika, na majaribio ya kuthibitisha kwamba kila bechi imekufa kweli, yaani unaotesha sehemu yake na kusubiri siku kadhaa uone kama kuna kitakachoota. Watu wa maabara wameugua homa ya matumbo kwa kazi hii. Weil mwenyewe, yule wa H na O, alifariki mwaka 1922 baada ya kuambukizwa homa ya chawa kazini. Na hata ukimaliza salama, huna ukoo wa 901, huna seramu za kulinganishia, kwa hiyo utakuwa umetengeneza rula ya tatu isiyojulikana urefu wake. Kazi hii ifanywe na maabara kubwa ya kitaifa, na ningefurahi kuona nchi zetu zikiifanya zenyewe kuliko kusubiri meli.

Unachoweza kufanya hapo ulipo ni kikubwa kuliko unavyodhani. Chupa ya zamani ikikaribia kuisha, usiimalize. Acha inayotosha kupima seramu kumi hivi. Weka masalio ya seramu za wagonjwa, hasi na chanya, kwenye friza. Bechi mpya ikifika, zipime zote kwa chupa zote mbili siku hiyohiyo, uandike kwenye daftari namba za bechi na majibu pembeni. Kama bechi mpya inashuka hatua moja kwa kila seramu, unajua namna ya kumweleza mganga. Kama inaruka huku na huku bila mpango, irudishe. Pili, omba ruhusa mpime watu wazima wenye afya njema wa hapo Kilosa, hamsini hivi, wanaokuja kuchangia damu kwa mfano. Ukikuta wengi wao wana 1:80, basi 1:80 kwenu ni salamu tu ya zamani. Kwenye cheti andika taita, jina la antijeni, namba ya bechi na njia uliyotumia. Usiandike “taifodi chanya”. Hilo si jibu la maabara.

Na pale inapowezekana kutuma damu hospitali yenye huduma ya kuotesha, itumwe, mililita 8 hadi 10 kwa mtu mzima, kabla ya antibiotiki ya kwanza. Kuotesha damu nako hakukamati wote, kunawapata kama sita katika kila kumi, lakini kikiota kimeota, na kinakwambia pia dawa ipi bado inafanya kazi.

Kwa huyu mama, mwambie mganga aandike kwamba Widal haijaamua, arudie kipimo cha malaria kama hakikufanyika, na amtibu kwa anavyomwona kitandani, si kwa namba yako. Homa ya siku tano ni mapema: kingamwili za O kwa kawaida zinaanza kuonekana kati ya siku ya sita na ya nane, za H siku ya kumi hadi ya kumi na mbili. Ile seramu kama bado ipo, igandishe leo. Seramu inavumilia barafu, antijeni ndiyo isiyovumilia. Mwite tena baada ya siku kumi hadi kumi na nne tangu ulipomtoa damu ya kwanza, chukua nyingine, kisha uzipime zote mbili kwa pamoja, chupa ileile, siku ileile, mkono uleule. Taita ikipanda mara nne, kwa mfano kutoka 1:40 hadi 1:160, hapo una cha kumwambia mganga.